Marehemu Nuhu Mbogo, Mwana wa Kabaka Suna

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Mtu asimamaye juu ya kilima cha Lubaga na kutupa macho pande zote za mji wa Kampala huvihesabu vilima kwa dini. Lubaga ni kilima cha Wakatoliki, Namirembe ni cha Waprotestanti, Kibuli ni cha Waislamu, na Mengo ni cha Kabaka. Hesabu hii ni nyepesi, na mtoto huijua kabla ya kujua kusoma. Lakini hesabu nyepesi huwa na ila yake, kwa kuwa huwafanya watu wadhani ya kwamba kila kundi lilizaliwa juu ya mlima wake, na ya kwamba mwenye dini fulani ni lazima awe na tabia fulani, kabila fulani na kazi fulani.

Kabla ya kanisa kuu kujengwa juu ya Lubaga, kilima hicho kilikuwa makao ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Hapo ndipo alipokuwapo Kabaka wakati msafiri Stanley alipofika Buganda mwaka 1875. Wakati huo Mutesa alikuwa amekwisha kufunga Ramadhani miaka mingi, na watumishi wa baraza lake walikuwa wakisoma Kurani na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Upande wa Nateete, chini ya kilima, walikaa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani na nguo, bunduki na vitabu. Basi Uislamu katika Buganda haukuanzia pembeni mwa nchi wala mikononi mwa wageni peke yao. Ulikua ndani ya ua wa mfalme, nao umekuwa na wenyewe miongoni mwa Waganda tangu wakati huo.

Katika nyumba hiyo ya kifalme ndimo alimotoka Nuhu Mbogo. Habari zake zinafaa kusimuliwa kwa vijana, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa jibu la swali moja ambalo Waislamu wa Uganda wameulizwa mara nyingi, wakati mwingine kwa maneno na wakati mwingine kwa macho tu: je, Mwislamu ni mwenyeji kamili wa nchi hii, au ni mtu wa wengine?

ASILI YAKE

Nuhu Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili, na ndugu yake Kabaka Mutesa kwa baba. Katika enzi ya baba yake ndipo Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alipofika Buganda, mwaka 1844, naye anatajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumhubiria mfalme wa nchi hiyo habari za Mwenyezi Mungu Mmoja. Suna alisikiliza, lakini hakusilimu. Baada yake Mutesa aliipenda elimu hiyo, akaamuru misikiti ijengwe na watu wasali.

Palikuwa na fundo moja lisilofunguka. Kwa mila ya Waganda, mwili wa Kabaka haukuruhusiwa kukatwa wala damu yake kumwagwa, na kwa hiyo Mutesa hakutahiriwa mpaka kufa kwake mwaka 1884. Vijana wa baraza waliosoma dini walianza kuona shaka. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na watu wasiotahiriwa, na wengine walikataa kusali nyuma ya imamu wa namna hiyo, hata kama imamu huyo ni mfalme mwenyewe. Mutesa alighadhibika. Mwaka 1876 makumi ya vijana hao walichomwa moto Namugongo. Mahali hapo ndipo vijana wa Kikristo walipochomwa miaka kumi baadaye, mwaka 1886, kwa amri ya Mwanga mwana wa Mutesa. Ardhi moja ilipokea majivu ya Waganda wa dini mbili, waliokufa kwa sababu moja, yaani kumtii Mungu kuliko mfalme.

Mbogo alikuwa mmoja wa wana wa mfalme walioingia katika dini kwa moyo. Hakuacha kuwa mwana wa Suna kwa kuitwa Nuhu, wala hakuacha kuwa Nuhu kwa sababu alizaliwa katika ukoo wa wafalme. Kwake yeye mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila ugomvi. Ugomvi ulitoka nje yake, ukamfuata.

VITA VYA DINI

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo wa Buganda, wakijua ya kuwa Mwanga anataka kuwaangamiza wote kwa pamoja, waliungana wakamwondoa katika kiti. Ndugu yake Kiweewa akawekwa mahali pake. Umoja huo haukudumu hata miezi miwili. Mwezi wa Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo, nao wakakimbilia Ankole. Kisha viongozi wa Waislamu walimtaka Kiweewa atahiriwe. Alipokataa, mambo yakaharibika, akaondolewa naye. Ndugu mwingine, Kalema, akakubali kutahiriwa, akaitwa Rashidi, akatawala.

Haifai kuipamba habari hii. Katika siku za Kalema waliuawa wana wa mfalme wengi, wanaume kwa wanawake, kwa hofu ya kuwa adui atamwinua mmoja wao. Kadhalika watu wengi walilazimishwa tohara, wakaichukia dini ambayo wangeweza kuipenda kama wangefundishwa kwa upole. Kosa hilo lilizaa sifa mbaya iliyowafuata Waislamu kwa muda mrefu, hata wale ambao hawakuwa na mkono ndani yake. Watu walianza kusema ya kwamba Mwislamu ni mtu wa nguvu na upanga, kana kwamba tabia ya miezi michache ya vita ndiyo tabia ya dini yenyewe.

Mbogo alinusurika katika mauaji hayo. Wakristo walipokusanya nguvu na kumrudisha Mwanga, vita viliendelea mpaka mwanzo wa mwaka 1890, na Waislamu wakashindwa, wakarudi nyuma hadi mpaka wa Bunyoro. Huko Kalema alifariki kwa ndui. Jeshi lililoshindwa, lililokuwa mbali na nyumba zake na mashamba yake, lilihitaji mtu wa kulishika. Likamtazama Mbogo, kwa kuwa alikuwa mtu mzima, mwana wa Suna na Mwislamu, likamfanya Kabaka wake.

Ufalme huo haukuwa wa kuonewa wivu. Mbogo alikuwa mfalme bila mji mkuu, juu ya watu wenye njaa, akitegemea hisani ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Mwezi wa Mei 1891 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Waingereza, akiwa pamoja na majeshi ya Wakristo wa Buganda, aliwapiga Waislamu hao karibu na mpaka. Lakini hawakutawanyika. Walibaki na mfalme wao, wakingoja.

MAJINA YA KUBANDIKWA

Ni lazima hapa kueleza jinsi Waganda walivyokuwa wakiitana siku zile, kwa maana ndipo penye kiini cha habari. Waliofuata mapadri wa Kifaransa waliitwa Wafransa, na waliofuata wamisionari wa Kiingereza waliitwa Waingereza. Hawa wote walikuwa Waganda, wana wa koo zilezile, wala ndizi zilezile na wasemaji wa lugha moja. Wengi wao hawakupata hata kuiona bahari. Hata hivyo kila mmoja alibandikwa taifa la watu wa mbali, na aliyebandikwa jina hilo akaanza kutazamwa kama mjumbe wa nchi ambayo hakuijua.

Tarehe 24 Januari 1892 majina hayo yalimwaga damu. Makundi mawili ya Wakristo yalipigana Mengo, na Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake. Misheni ya Lubaga ikachomwa moto, na Wakatoliki wakakimbia, na baadaye wakapewa Buddu. Buganda iligawanyika vipande vitatu, na kila kipande kilikuwa na jina la ugenini.

Waislamu nao hawakuachwa bila jina. Kwa wengine waliitwa watu wa Waarabu, kwa kuwa walimu wao wa kwanza walitoka pwani. Baadaye, Lugard alipowaleta Uganda askari wa Kisudani waliobaki na Selim Bey katika jimbo la Emin Pasha, jina likabadilika, na Waislamu wakahesabiwa kuwa kitu kimoja na askari hao. Katika mawazo ya wenye mamlaka, Mwislamu wa Buganda, Mwarabu wa Nateete na askari wa Kisudani walikuwa watu wamoja, hata kama hawakuzungumza lugha moja wala kutaka jambo moja.

KUACHA KITI

Baada ya vita vya Mengo, Lugard alitambua ya kwamba hapatakuwa na amani iwapo Waislamu wataendelea kukaa mpakani na mfalme wao. Wajumbe walikwenda na kurudi. Masharti yalikuwa mazito: Mbogo aache dai lake la ufalme, aje Kampala, akae karibu na ngome, na watu wake wapewe mahali pa kukaa.

Mashaka yalikuwa makubwa. Mwana wa mfalme ambaye amepata kutawazwa ni hatari kwa mfalme aliyepo, na katika Buganda kila mtu alijua jinsi hatari hiyo ilivyokuwa ikiondolewa. Mbogo angeweza kubaki Bunyoro akaitwa Kabaka mpaka kufa kwake. Angeweza pia kungoja Wakristo wazidi kuumizana. Badala yake, katikati ya mwaka 1892, aliondoka na watu wake, akaja Kampala, akamkabili Mwanga. Mwanga alikuwa mtoto wa ndugu yake, na Mbogo kwake alikuwa baba mdogo. Jamaa hao wawili, ambao kila mmoja alikuwa ameitwa Kabaka na watu wenye silaha, walikutana kwa amani.

Kwa kuacha kiti, Mbogo aliwapatia Waislamu masaza matatu: Butambala, Gomba na Busujju. Nchi hiyo haikuwa kubwa ukilinganisha na wingi wao na nguvu waliyokuwa nayo hapo awali, lakini ilikuwa ardhi ya Buganda. Familia zilizokaa porini miaka miwili zilirudi kupanda migomba. Neno hili lisipite bila kufikiriwa: Waislamu wa Buganda hawakudai wapelekwe pwani wala Misri. Walidai mashamba katika nchi ya babu zao, na mfalme wao alilipa mashamba hayo kwa taji lake.

MWAKA WA TUHUMA

Amani ile ilikaa mwaka mmoja tu. Mwezi wa Aprili 1893 Sir Gerald Portal alipandisha bendera ya Uingereza Kampala, kisha akaondoka, akamwachia kazi Kapteni Macdonald. Waislamu walikuwa na manung'uniko. Waliona masaza matatu hayawatoshi, na walikataa kazi walizoamriwa na wakubwa wa serikali ya Mengo, ambao wengi wao walikuwa wa kundi lililowashinda vitani. Selim Bey, aliyekuwa mkubwa wa askari wa Kisudani, alimpelekea Macdonald neno la kuwatetea na la kuonya asiwapige.

Hapo jina la kubandikwa likafanya kazi yake. Manung'uniko ya wenyeji juu ya ardhi na kazi yalionekana kuwa njama ya dini nzima. Ilidhaniwa ya kwamba Mwislamu wa Buganda na Mwislamu wa Sudani wamekwisha kuungana kuiteka nchi. Askari wa Kisudani waliokuwa Kampala wakanyang'anywa silaha. Selim Bey, ambaye alikuwa mgonjwa, akakamatwa akapelekwa pwani, akafa njiani huko Naivasha. Waislamu wa Buganda wakapigwa na kufukuzwa. Masaza ya Gomba na Busujju yakapewa wengine, na Waislamu wakabakiwa na Butambala peke yake.

Naye Mbogo, aliyeacha ufalme ili apate amani, akapelekwa uhamishoni Unguja. Ilitosha kuwa yeye ni mwana wa Suna na ni Mwislamu. Mambo hayo mawili yakiwa ndani ya mtu mmoja, yalihesabiwa kuwa hatari.

Unguja wakati huo ilikuwa chini ya Sayyid Hamed bin Thuwaini, nayo ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890. Kutoka kisiwa hicho ndiko kulikotoka walimu na vitabu vilivyofika Nateete na Lubaga. Msomaji na afikiri hali ya mtu huyu. Nyumbani kwake alituhumiwa kuwa ni mtu wa Waarabu. Alipofika mji wa Waarabu alikuwa Mganda, mgeni kutoka bara, mbali na migomba na ngoma za nchi yake. Kama kweli Uislamu ungekuwa utaifa, basi Mbogo angekuwa amefika kwao. Lakini dini ilimpa ndugu katika msikiti, haikumpa nchi nyingine. Nchi yake ilikuwa Buganda, na mwaka 1895 aliruhusiwa kurudi kwake.

MTIHANI WA MWAKA 1897

Mtu aliyedhulumiwa kwa tuhuma hupata, siku moja, nafasi ya kuifanya tuhuma ile iwe kweli. Nafasi hiyo ilimjia Mbogo mwaka 1897.

Mwezi wa Julai wa mwaka huo Kabaka Mwanga alitoroka Mengo, akaasi Buddu. Mwezi wa Agosti aliondolewa katika kiti, na mtoto wake Daudi Chwa, aliyekuwa mchanga bado, akatawazwa chini ya wasimamizi. Kisha mwezi wa Septemba askari wa Kisudani wakaasi. Walikuwa na sababu zao: mshahara mdogo na wa kuchelewa, safari ndefu zisizo na mapumziko, na kutengwa na jamaa zao. Waliingia Busoga, wakaishika ngome ya Luba, wakamwua Meja Thruston mkubwa wao. Kwa miezi kadhaa haikujulikana kama serikali ya Waingereza itasimama au itaanguka.

Waasi walitumaini ya kwamba Waislamu wa Buganda watainuka pamoja nao, na ya kwamba Mbogo atakubali kuwa Kabaka. Hesabu yao ilikuwa ileile ya Macdonald ya mwaka 1893, ila imegeuzwa upande wa pili. Wao pia waliamini ya kuwa Mwislamu atamfuata Mwislamu bila kuuliza njia inakwenda wapi. Na kwa macho ya dunia Mbogo alikuwa na kila sababu ya kukubali. Alikuwa amenyang'anywa masaza mawili, alikuwa ametolewa nchini mwake bila kuasi, na kiti cha baba yake alikuwa amekikalia mtoto mchanga.

Mbogo alikataa. Alibaki Kampala, akasimama upande wa Kabaka Daudi na serikali, akawazuia watu wake wasijiunge na maasi. Waislamu wa Buganda, isipokuwa wachache, walimsikiliza. Lau wangeinuka, nchi ingerudi katika vita vya mwaka 1889, na safari hii pengine isingebaki hata Butambala. Ni vema kukumbuka pia ya kwamba miongoni mwa waliomfuata Mwanga katika maasi yake walikuwamo Wakatoliki wengi pamoja na mkuu wa majeshi yake, Gabrieli Kintu, na hali mapadri wao walikuwa upande wa serikali. Basi mwaka ule ulionyesha wazi ya kwamba dini ya mtu haikutosha kueleza atasimama upande gani.

Wako wanaosema ya kwamba Mbogo alifanya hivyo kwa woga wa Waingereza. Huenda woga ulikuwapo, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye akili, naye alikuwa ameziona bunduki zao. Lakini mtu mwoga hangetoka Bunyoro mwaka 1892 akaja kujitia mikononi mwa adui zake. Matendo hayo mawili yanakwenda njia moja. Mara ya kwanza aliacha ufalme aliokuwa nao, na mara ya pili aliukataa ufalme aliopewa, na mara zote mbili waliookoka walikuwa raia wadogo, wasio na jina katika historia.

MAPATANO YA MWAKA 1900

Tarehe 10 Machi 1900 yalitiwa sahihi Mapatano ya Buganda, baina ya Sir Harry Johnston na wakubwa wa nchi. Mbogo alikuwa miongoni mwa walioyathibitisha. Katika Mapatano hayo alipewa maili 24 za mraba za ardhi, yeye na watu wake, pamoja na pauni 250 kila mwaka muda wa maisha yake, kwa sharti la kuacha madai mengine yote. Katika masaza 20 ya Buganda, Butambala likabaki saza la pekee lenye mkuu Mwislamu.

Fungu hilo lilikuwa dogo, na hasara yake ilionekana baadaye. Mamlaka yaligawanywa kwa hesabu ya dini, kana kwamba kila saza lina dini moja. Shule nazo zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyetaka mtoto wake asome alihofia ya kwamba atarudi na jina lingine. Wengi hawakuwapeleka. Waislamu wakaingia katika biashara ndogo, uchinjaji wa nyama na udereva wa magari, kazi za halali na za heshima. Kisha watu wakasahau sababu, wakaona matokeo tu, wakasema ya kwamba Mwislamu kwa asili yake ni mchinjaji na dereva, hana haja na kalamu. Hivyo ndivyo sifa za watu zinavyotungwa: mlango hufungwa mbele ya mtu, kisha hulaumiwa kwa kusimama nje. Na wale waliosema hivyo hawakukumbuka ya kwamba watu wa kwanza kusoma na kuandika katika baraza la Mutesa walisoma kwa mwalimu wa Kiislamu.

Mbogo alikaa Kawempe, kaskazini ya mji, na mahali pale pamebaki na jina lake. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa mkubwa wa Waislamu wa Uganda bila cheo cha ufalme. Waganda, Wasudani ambao watoto wao wameitwa Wanubi, Waswahili na Waarabu wa Nateete, wote walimheshimu. Wakati wa uhai wake Waislamu wa Buganda walikuwa chini ya uongozi mmoja. Alifariki mwaka 1921, akiwa mzee. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe makosa yake.

ALICHOKIACHA

Mahali pake alirithi mwanawe, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907 na aliyekuwa angali kijana. Baada ya kufa kwa mzee, tofauti juu ya sala ya adhuhuri siku ya Ijumaa ziliwagawanya Waislamu, wengine wakawa upande wa Kibuli na wengine upande wa Bukoto na Nateete. Hapo ndipo watu walipotambua uzito wa yule aliyekuwa amewashika pamoja. Badru Kakungulu alitoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule, na mwaka 1944 ilianzishwa Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, ili mtoto Mwislamu asome bila kubadili jina lake. Kwa kazi hiyo ule mlango uliofungwa ulianza kufunguka, na sifa ya kwamba Mwislamu hana haja na kalamu ikaanza kukanushwa na watoto wenyewe. Badru Kakungulu aliishi mpaka mwaka 1991.

Juu ya kilima cha Kampala, ambako Lugard alikuwa na ngome yake, na ambako Mbogo alikuja mwaka 1892 kuacha ufalme wake, sasa umesimama msikiti mkuu wa taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliwataja Wanubi, kizazi cha askari wale walioogopwa, miongoni mwa jamii za wenyeji wa nchi. Mambo haya yalikuja polepole, na mengine bado.

Waislamu wa Lubaga huishi chini ya kivuli cha kanisa kuu, na jirani zao ni Wakatoliki, Waprotestanti, Waganda, Wanyankole, Wanubi na wengineo. Wanunuzi wa soko la Nateete hawaulizani dini kabla ya kupima maharage. Lakini ugomvi unapotokea, majina ya zamani huamka upesi: huyu ni Mwislamu, basi ni hivi, yule ni Mnubi, basi ni vile, huyu katoka upande fulani wa nchi, hakosi kuwa namna fulani. Na Waislamu nao wasijione wamesalimika na kosa hili, kwa maana wao pia huwabandika majirani zao majina, na miongoni mwao wenyewe Mganda humpima Mnubi, na wa msikiti huu humpima wa msikiti ule.

Nuhu Mbogo alihukumiwa kwa jina mwaka 1893, akahukumiwa tena kwa jina na waasi wa mwaka 1897, na wote wawili, serikali na waasi, walikosea juu yake. Alikuwa Mganda kamili na Mwislamu kamili, na alipotakiwa achague moja alikataa, akachagua amani ya watu wake. Anayetaka kumjua jirani yake na afanye yale ambayo Macdonald hakuyafanya, yaani ayatazame matendo ya mtu kabla ya kulisoma jina lake.

Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema pamoja na mashahidi wa Namugongo, na awape watu wa nchi hii kujuana kwa wema. Amin.